MATE NA BRAKETI
Kwa nini munganga wa meno hataki jino lenye maji



Kila mara munganga wa meno anapofika hospitalini kwetu, wagonjwa wanaoketi barazani huniuliza swali moja. "Baba mwuguzi, kwa nini mnajaza pamba kinywani mwa mtoto kama mtu anayeshindilia mto? Na kwa nini mnapuliza jino kwa upepo hata mtoto anatoa machozi?" Mimi nilizoea kujibu kwa kifupi: "Ni kusudi jino likauke." Wao huitikia, na shauri linaisha.

Lakini jibu hilo fupi halikutosha. Nami nilijifunza kwa haya, kama mtakavyosikia. Kwa hiyo leo nataka kueleza jambo hili vizuri tangu mwanzo wake, jinsi tone dogo la mate linavyoweza kuharibu kazi ya siku nzima na fedha ya mzazi.

Binti mmoja wa miaka 13 aliletwa na baba yake, ambaye ni mzee wa kanisa katika kijiji kilicho mbali nasi. Meno yake ya juu yalitokeza mbele sana. Ya chini nayo yalikuwa yamepanda juu kupita kiasi, hata alipofunga kinywa, ncha za meno ya chini ziligonga nyama ya kaakaa nyuma ya meno ya juu. Pahali pale palikuwa na kidonda kisichopona. Kilipona kidogo, akala ugali, kikafunguka tena. Munganga wa meno, ambaye hutujia kila baada ya majuma 6, alimtazama akasema: "Dawa ya kusukutua haitamponya huyu. Lazima meno yenyewe yaondoke pahali yalipo." Baba akauza mbuzi 4. Braketi zikabandikwa. Kabla ya majuma 3 kwisha, 3 kati yake zilikuwa zimebanduka.

Nitarudi kwa habari hii. Kwanza tuelewe kitu chenyewe.

BRAKETI NI NINI?

Braketi ni kipande kidogo cha chuma, hakizidi punje ya mchele uliovunjika kwa ukubwa, chenye mfereji katikati. Kila jino hubandikwa kimoja upande wa nje. Ndani ya mifereji hiyo hupitishwa uzi mwembamba wa chuma. Uzi huo unataka kurudi katika umbo lake, kama upinde uliokunjwa, na katika kurudi kwake huyavuta meno polepole. Mfupa ulio mbele ya mzizi wa jino huyeyuka kidogo kidogo, na nyuma yake mfupa mpya hujengwa. Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa mwezi, na mara nyingi ni pungufu ya hapo. Ndiyo sababu matibabu huchukua miezi 18, au 24, pengine zaidi.

Sasa fahamuni jambo hili: uzi haulishiki jino. Uzi hushika braketi, na braketi hushikwa na gundi tu. Gundi ikiachia, jino lile hubaki bila msukumo, au hurudi lilikotoka, na mwezi mzima umepotea. Na mgonjwa akikaa mbali, kama wagonjwa wetu walivyo wengi, miezi hupotea 2 au 3 kabla hajarudi.

Kuna ndugu wengine kanisani wanaosema kwamba kunyosha meno ni majivuno ya ulimwengu. Mimi sitabishana nao sana. Wapo watu wanaofanya hivyo kwa majivuno, kama wapo wanaovaa viatu kwa majivuno. Lakini hatuwaambii watu wote waende bila viatu. Yule binti hakutaka uzuri. Alitaka kula bila kutoka damu.

WATU WALIJIFUNZAJE KUBANDIKA KITU JUU YA JINO?

Zamani kazi hii ilifanywa kwa namna nyingine. Edward Angle wa Marekani, ambaye wengi humwita baba wa kazi ya kunyosha meno, alitumia pete za chuma. Kila jino lilizungushiwa pete, kama pete ya pipa, na pete ilishikwa kwa saruji ya meno. Kusukuma pete katikati ya meno kuliumiza sana. Tena saruji ilipoyeyuka, chakula kiliingia chini ya pete, jino likaoza mahali pasipoonekana. Hata leo pete hutumiwa kwa magego ya nyuma, lakini si kwa meno yote.

Mwaka 1955 munganga wa meno aitwaye Michael Buonocore, katika mji wa Rochester, Marekani, aliandika habari ya jambo alilojaribu. Alikuwa amejua kwamba watu wa viwanda, kabla ya kupaka chuma rangi, hukiosha kwa asidi ya fosfori ili rangi ishike. Akajiuliza: je, jino nalo? Akapaka asidi hiyo juu ya meno kwa nusu dakika, akaosha, akakausha, kisha akaweka tone la plastiki ya meno. Meno ambayo hayakupakwa asidi yaliachia tone upesi. Yale yaliyopakwa yalilishika kwa majuma mengi. Katika 1962 Rafael Bowen alipata hati ya kumiliki resini mpya yenye nguvu, na katika 1965 George Newman, naye wa Marekani, aliandika juu ya kubandika braketi moja kwa moja juu ya jino kwa gundi bila pete. Tangu miaka ya 1970 njia hiyo imeenea duniani.

FUNDI WA BAISKELI ANALIJUA JAMBO HILI

Kama hamwelewi kazi ya asidi, nendeni mkamtazame fundi wa baiskeli chini ya mwembe. Mpira umetoboka. Yeye habandiki kiraka mara moja. Kwanza anakwaruza mpira kwa msasa mpaka unakuwa mkavu na mkwaruzo. Anaufuta. Anapaka gundi, anangoja, ndipo anaweka kiraka na kukigonga. Sasa, mvua ikidondoka juu ya pale alipokwaruza, fundi mwenye akili anafanya nini? Anaacha, anakausha, anakwaruza tena. Fundi mvivu anafuta kwa kidole na kuendelea. Kiraka chake kinashika, ndiyo, hata unamlipa na kuondoka. Kinaachia kwenye kilima cha kwanza.

Gamba la nje la jino, liitwalo enameli, ni gumu kuliko mfupa. Karibu sehemu 96 katika 100 za uzito wake ni madini. Kwa macho ni laini, na gundi haina pa kushika. Munganga hupaka asidi ya fosfori, siku hizi yenye nguvu ya asilimia 37 hivi, kwa sekunde 15 hata 30. Asidi inakula madini kidogo sana na kuacha vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Ukigawanya milimita 1 mara 1,000, kina cha vitundu hivyo ni sehemu chache, au makumi machache, za namna hiyo. Kisha asidi huoshwa kwa maji mengi na jino hukaushwa kwa upepo.

Hapo munganga hutazama ishara. Jino lililopakwa vizuri na kukauka vizuri haling'ai tena. Pale palipopakwa huwa peupe kama chokaa ya ubaoni. Mahali panapong'aa, hapana shauri zuri: ama asidi haikufika, ama pana maji.

Ishara ikiwa njema, hupakwa dawa ya kwanza iliyo nyepesi kama maji. Hiyo huingia katika vitundu. Halafu braketi yenye gundi nzito nyuma yake hukandamizwa, na taa ya mwanga wa buluu humulika kwa sekunde kadhaa mpaka gundi iwe ngumu. Ile iliyoingia katika vitundu huwa kama mizizi midogo isiyohesabika. Tangu 1975 waganga wengi wamechukua kipimo hiki, kwamba gundi ya braketi yafaa ivumilie kilo 60 hata 80 kwa sentimita mraba 1. Mgongo wa braketi ni kama milimita mraba 10 tu, basi kila moja huweza kuvumilia kilo 6 hata 8. Si haba kwa kitu kidogo kama hicho. Lakini ni kwa jino kavu.

SEKUNDE MOJA TU

Jino lililokwisha kupakwa asidi lina kiu. Mmeona udongo wa shamba mwisho wa kiangazi: maji ya kwanza yanayofika, unayanywa. Vivyo hivyo vitundu vile hunywa kitu cha kwanza kinachowafikia. Gundi ikitangulia, ni vema. Mate yakitangulia, vitundu vimejaa mate, na gundi inakuta mlango umefungwa.

Wengi hufikiri kwamba mate ni maji tu. Karibu yote ni maji, ni kweli, sehemu 99 katika 100. Shida ni ile sehemu ndogo iliyobaki. Ndani yake mna protini za utelezi, ambazo hupenda kushikamana na jino. Mate yakigusa jino lililopakwa asidi, hata kwa sekunde 1, protini hizo hukaa juu yake na kufanya utandu mwembamba. Utandu huo hauonekani. Tena hauondoki kwa kupuliza upepo wala kwa kunyunyiza maji. Upepo hukausha maji ya mate na kuuacha utandu mahali pake. Kwa hiyo jino laonekana kavu, nalo si safi! Hapo ndipo waganga na wauguzi wengi hudanganyika, nami nilikuwa mmoja wao.

Dawa yake ni moja. Anza tena. Paka asidi tena kwa sekunde chache, osha, kausha, angalia weupe wa chokaa. Inachukua dakika 1 au 2.

Damu ni mbaya kuliko mate. Ina protini nyingi zaidi, nayo hutoka katika fizi zilizovimba kwa sababu ya uchafu. Ndiyo maana munganga humrudisha nyumbani mgonjwa mwenye fizi zinazotoka damu, amwambie apige mswaki vizuri kwa majuma kadhaa ndipo arudi. Baba mmoja alikasirika sana, akasema amesafiri siku mbili bure. Nilimhurumia. Lakini braketi iliyobandikwa juu ya damu ingemrudisha njia ileile mara nyingi zaidi.

MAJI YANATOKA WAPI?

Mtu mzima hutoa mate nusu lita hata lita 1 na nusu kwa siku moja. Yanatoka hasa katika tezi kubwa 3 kila upande. Moja ipo mbele ya sikio, na mfereji wake hufunguka ndani ya shavu mbele ya gego la juu. Weka ncha ya ulimi hapo, utasikia kijivimbe kidogo. Nyingine hufungukia chini ya ulimi. Basi sasa mnajua kwa nini pamba huwekwa shavuni juu na chini ya ulimi. Tunaziba visima penyewe. Meno ya nyuma ya chini ndiyo magumu kuliko yote, kwa maana yapo bondeni ambako mate yote huteremkia, na ulimi uko karibu.

Tena asidi ina uchungu kama ndimu. Ulimi ukiionja, mate huja kwa wingi mara ile, wakati tusipoyataka kabisa.

Pumzi nayo ina unyevu. Pumueni juu ya kioo mtaona. Kwa hiyo tunamwambia mgonjwa apumue kwa pua. Mwenye mafua na pua iliyoziba aseme mapema, afadhali aje siku nyingine.

Halafu iko mashine ya upepo. Jambo hili nawaandikia wauguzi wenzangu wanaosoma kijitabu hiki. Katika nchi yetu yenye mvua nyingi, maji hukusanyika ndani ya pipa la mashine. Mashine ikiwa ya zamani, mafuta nayo huchanganyika. Unapuliza jino ukidhani unalikausha, kumbe unalinyunyizia maji na mafuta. Kila asubuhi fungua bomba dogo la chini mpaka maji yote yatoke. Mimi huyakinga katika kikombe cha bati, na katika majira ya mvua nimeshangaa mara nyingi kwa wingi wake. Kabla ya kazi puliza juu ya kioo kikavu. Ukiona ukungu au doa, usipulize upepo huo juu ya jino.

Kwa kuziba meno yaliyooza iko njia nyingine ya kale. Katika 1864 Sanford Barnum wa New York alichoka na mate, akachukua kipande chembamba cha mpira, akakitoboa, akalipitisha jino katika tundu. Jino likatokeza juu ya mpira kama kisiwa kikavu. Waganga hufanya hivyo mpaka leo. Mpira wa miti yetu umeileta Kongo machozi mengi, kama wazee walivyotusimulia. Nafurahi kwamba mahali fulani pia umewaponya watu. Lakini kwa kubandika braketi za meno yote pamoja, mpira huo haufai vizuri. Hapo tunatumia kifaa cha plastiki cha kufungua midomo, pamba, mrija wa kunyonya mate, na mkono wa mwuguzi aliye macho.

JE, HAKUNA GUNDI ISIYOOGOPA MAJI?

Ipo, kwa kiasi. Katika 1972 Wilson na Kent wa Uingereza walitangaza saruji ya meno inayofanywa kwa unga wa kioo na asidi laini, iitwayo glasi-ionoma. Hii hushikana na madini ya jino kwa njia ya kikemia, haitegemei vitundu tu, nayo huvumilia unyevu kidogo, tena hutoa floridi inayolilinda jino. Kwa kubandika braketi, ile iliyochanganywa na resini hutumiwa mahali ambapo haiwezekani kukausha. Lakini kwa kawaida nguvu yake ni ndogo kuliko gundi ya resini juu ya jino kavu.

Mahali ilipofanya kazi kubwa kwetu Waafrika ni katika kuziba meno. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, munganga Mholanzi Jo Frencken alianza njia ya kusafisha jino lililooza kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na kuliziba kwa saruji. Baadaye glasi-ionoma ndiyo iliyokuwa saruji ya njia hiyo. Shirika la Afya la Ulimwengu liliipendekeza mwaka 1994, na katika 2021 glasi-ionoma iliingizwa katika orodha yake ya dawa za lazima. Sisi pia huitumia vijijini. Hata hivyo msifikiri kwamba saruji hii inaweza kuogelea. Mate yakiifunika kabla haijashika huiharibu, na tukiiacha ikauke kupita kiasi hupasuka. Kwa hiyo pamba bado ipo.

Ziko pia dawa za kwanza mpya zinazouzwa kwa kusemwa kwamba huvumilia unyevu. Zinasaidia kweli. Lakini ni ghali, na munganga wetu husema kwamba jino kavu halimgharimu mtu kitu ila subira.

BRAKETI TATU

Sasa nirudi kwa yule binti. Baba yake alipoziona braketi zimebanduka, alimkasirikia. "Umekula miwa! Umetafuna mifupa!" Binti alilia, akasema hakula. Shangazi mmoja akaleta maneno kwamba kuna mtu mwenye kijicho aliyeitupia macho dhahabu ya kinywani mwake, ingawa ilikuwa chuma tu. Baba ni mzee wa kanisa, hakukubali maneno hayo, lakini alisema kwamba mtoto mwongo hataongezewa fedha, na ada ya shule ya muhula ule ingebaki nyumbani mpaka aseme kweli.

Walipofika kwetu, munganga hakuuliza juu ya miwa. Aliomba kuziona braketi zenyewe. Kwa bahati njema binti alikuwa amezifunga katika karatasi. Munganga alizishika kwa koleo, akazigeuza kwenye mwanga, kisha akaniita nitazame. Gundi yote ilikuwa imebaki mgongoni mwa braketi, laini kama kioo. Juu ya meno hapakubaki kitu. Akanieleza: mtu akitafuna kitu kigumu braketi huweza kutoka, lakini mara nyingi gundi hugawanyika, nyingine hubaki jinoni. Gundi ikiachia jino safi kabisa namna hii, yafaa kushuku kwamba haikushika jino tangu siku ya kwanza. Tena zote 3 zilitoka upande mmoja, chini kulia nyuma, zikifuatana.

Nilikaa kimya. Maana niliikumbuka siku ile. Jenereta ilikuwa imezimika, mrija wa kunyonya ukaacha kufanya kazi. Munganga aligeuka kuichukua taa ile ya betri. Mimi nilishika pamba ya upande wa kulia, nayo ilikuwa imelowa. Nilipaswa kuibadilisha mapema. Ulimi wa binti ukapita juu ya meno yale yaliyokwisha kuwa meupe. Niliona kwa macho yangu. Nikapuliza upepo, yakaonekana makavu, nikasema: "Tayari, munganga." Watu 11 walikuwa wakingoja barazani, na sikutaka aanze tena.

Basi nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alisema, "Mwambie baba yake."

Hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Mimi ndimi ninayewahubiria watu asubuhi barazani, na yule mzee amenisikia mara nyingi nikifundisha juu ya kusema kweli. Tulikaa chini ya mti, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa, juu ya vitundu na utandu na pamba iliyolowa. Nikasema, "Mzee, mtoto hakula miwa. Kosa ni langu, nisamehe." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwita binti, akamwambia mbele yangu, "Mwanangu, nilikuhukumu kabla sijajua." Kwangu mimi hakusema neno siku ile. Majuma 6 baadaye alinipa mkono.

Tulibandika braketi 3 mpya alasiri ileile. Kabla ya kuanza nilimfundisha binti mambo ambayo ningalimfundisha mara ya kwanza, nayo yawafae ninyi pia mkiletwa kwenye kiti kile. Pumua kwa pua. Lala ulimi wako, usiutume kwenda kuchungulia munganga anafanya nini. Ukitaka kumeza au kukohoa, inua mkono, tutangoja. Usimeze kwa siri. Na ukisikia maji au uchungu wa ndimu umefika mahali, inua mkono vilevile, hata kama sisi tunaonekana tuna haraka. Usipake mafuta midomoni asubuhi ile, kwa maana mkono wa munganga huyachukua na kuyapeleka jinoni.

Nyumbani, mwenye braketi aache miwa ya kung'oa kwa meno, mifupa, mahindi makavu ya kukaanga. Akate nyama vipande vidogo. Apige mswaki juu na chini ya kila braketi, maana uchafu ukikaa hapo huacha madoa meupe ya kuoza. Hapa mate, ambayo nimeyasema vibaya kurasa hizi zote, huwa rafiki mkubwa. Huosha chakula, hupunguza ukali wa asidi ya uchafu, hurudisha madini katika enameli. Yanatuudhi saa moja tu.

Braketi ikibanduka, usiitupe. Ifunge katika karatasi safi uje nayo, maana inaweza kutusimulia habari yake. Usiibandike mwenyewe kwa gundi ya dukani, kama kijana mmoja alivyofanya akaunguza ufizi wake. Uzi ukichoma shavu, funika ncha yake kwa nta uliyopewa, kisha njoo. Na ninyi wazazi, msianze kwa fimbo.

Siku ile binti aliinua mkono mara 4. Mara ya tatu pamba ilikuwa imelowa kweli, nasi tukaanza jino lile upya. Braketi zile 3 hazikubanduka tena mpaka munganga alipozitoa mwenyewe, miezi 22 baadaye. Kidonda cha kaakaa kilikuwa kimefunga zamani.